Eisler, mkimbizi aliyechapa redio kama gazeti

Wanafunzi wetu wa Fizikia hukariri majina mengi kabla ya mtihani. Wanamjua Ohm, wanamjua Faraday, wanamjua Volta, na wako hata wanaoweza kutaja mwaka aliozaliwa Ampère. Paul Eisler hawamjui. Katika miaka yote niliyofundisha somo hilo, kwanza Embu na baadaye Meru, sikupata kulikuta jina lake katika kitabu chochote cha kiada nilichopewa. Ilhali hakuna mwalimu wala mwanafunzi miongoni mwetu apitishaye siku moja bila kuitumia kazi ya mtu huyo. Imo ndani ya simu ya mkononi, imo ndani ya kikokotoo, imo ndani ya mita ya stima iliyotundikwa ukutani, na imo ndani ya taa ya sola inayomulika vitabu usiku katika nyumba za Mbeere na Tharaka ambazo hazijafikiwa na nguzo za umeme.

Fungua chombo chochote kati ya hivyo nawe utakuta kipande cha ubao mwembamba, aghalabu wa rangi ya kijani, chenye mistari ya shaba iliyopindapinda mfano wa vijia vya shambani vinavyokutana na kuachana. Mafundi wetu wa Gakoromone mjini Meru, na wenzao wa Embu, huuita bodi. Mistari hiyo ndiyo inayopeleka umeme kutoka kifaa hadi kifaa bila uzi hata mmoja. Eisler ndiye aliyetufundisha kuitengeneza kwa njia ambayo bado inatumika.

Kilichonichochea kuandika habari zake ni kwamba vijana wetu wameanza kuifanya kazi hii kwa mikono yao wenyewe. Kila msimu wa maonyesho ya sayansi unapokaribia, yale ambayo zamani tuliyaita Kongamano la Sayansi, utawakuta wawili watatu katika maabara ya shule wakiwa wamezunguka beseni la plastiki lenye maji ya rangi ya kahawia, macho yamewatoka, wakingoja shaba itoweke. Wapo wanaotengeneza king'ora cha kuzuia wezi wa ng'ombe, wapo wanaotengeneza kipima unyevu cha shamba la migomba. Baadhi ya walimu wenzangu huwakataza kwa kuhofia sumu. Wengine huwaachia wajifanyie wapendavyo, na mchezo ukiisha maji yale humwagwa nyuma ya maabara. Mimi siafikiani na kundi lolote kati ya hayo mawili, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza tumfahamu mwenyewe.

Eisler alizaliwa Vienna mwaka 1907, katika jamii ya Kiyahudi, wakati mji huo ulipokuwa ungali makao makuu ya milki kubwa ya Austria na Hungaria. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna na kufuzu mwaka 1930. Hapo ndipo kijana angetazamia kupata kazi na kuanza maisha. Yeye hakupata. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kuzifunga ofisi nyingi za wahandisi, na shahada yake haikumfungulia mlango. Kwa muda alikwenda Belgrade kuifanyia kazi kampuni ya HMV ya Uingereza, iliyotaka abiria wa treni waweze kusikiliza redio safarini bila mikwaruzo. Shughuli hiyo haikudumu, na sababu yake yachekesha kidogo: wenyeji walitaka kulipa kwa nafaka badala ya fedha. Mwalimu yeyote wa Tharaka aliyewahi kuletewa gunia la mtama au mbuzi kwa ajili ya karo atayaelewa mazungumzo hayo vizuri kuliko mkurugenzi wa London.

Aliporejea Vienna alijitafutia riziki kwa kalamu. Aliandika magazetini, akaanzisha jarida la mambo ya redio, na katika kulihudumia jarida hilo akawa mtu wa kuingia na kutoka katika kiwanda cha uchapishaji. Nawaomba wasomaji wasiipite sehemu hii upesi, kwa maana ndiyo kitovu cha habari yote. Mhandisi wa redio aliyenyimwa kazi ya redio alijikuta amesimama kando ya mitambo ya chapa, akitazama jinsi picha za gazeti zinavyotengenezwa.

Enzi hizo picha haikuwekwa gazetini kwa kompyuta. Bamba la zinki lilipakwa dawa isiyoliwa na asidi mahali palipotakiwa kubaki, kisha likatumbukizwa katika asidi. Asidi ililila bamba kila mahali palipoachwa wazi, na sehemu zilizokingwa zikabaki zimeinuka, tayari kupakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Magazeti ya hapa kwetu pia yalichapwa kwa mabamba ya namna hiyo kabla ya mitambo ya kisasa kufika.

Sasa fikiria redio ya wakati huo. Ndani yake mlikuwa na nyuzi chungu nzima, kila uzi umekatwa kwa mkono, umemenywa kwa mkono, na kulehemiwa kwa mkono kutoka ncha hadi ncha, mpaka chombo chote kikafanana na kiota cha ndege. Fundi akikosea uzi mmoja, redio hainguruma. Redio elfu moja zilihitaji kazi ileile irudiwe mara elfu moja. Eisler, ambaye alikuwa ameona ukurasa mmoja wa gazeti ukitoa nakala maelfu kwa usiku mmoja, alijiuliza kwa nini nyuzi za redio zisichapwe vivyo hivyo. Bandika ngozi nyembamba ya shaba juu ya ubao usiopitisha umeme. Chapa juu yake mchoro wa njia za umeme kwa wino usioliwa na asidi. Iachie asidi imalize kazi. Kitakachobaki ni nyaya zote kwa pamoja, zimelala pahali pake, na hakuna awezaye kuzikosea.

Sitadai kwamba alikuwa wa kwanza duniani kuota ndoto ya namna hiyo. Mjerumani Albert Hanson aliomba hataza ya njia za umeme zilizobandikwa juu ya kitu kisichopitisha umeme mwaka 1903, na Mmarekani Charles Ducas akaja na njia yake mwaka 1925. Kilichomtofautisha Eisler na watangulizi hao ni kwamba aliishika njia ya wachapishaji, ambayo ilikuwa tayari imekwisha kukomaa, akaihamishia katika umeme mzimamzima, kisha akatengeneza redio iliyofanya kazi.

Mwaka 1934 serikali ya Austria iliwavamia wapinzani wake na kuyafunga magazeti yao, na maisha ya watu kama Eisler yakazidi kuwa ya wasiwasi. Mwaka 1936 alifaulu kuondoka na kuingia Uingereza, akiwa na hataza alizokuwa ameandikisha kuhusu kurekodi sauti na kuhusu televisheni. Mali nyingine ya kutajika hakuwa nayo. Alipanga chumba katika nyumba ya wapangaji huko Hampstead, London, na humo ndani, bila maabara wala mwajiri, akaitengeneza redio yake ya kwanza yenye saketi iliyochapwa. Ninapowasikia wanafunzi wa bweni wakilalamika kwamba hakuna kinachoweza kufanyika pasipo maabara mpya, chumba hicho cha Hampstead hunijia akilini.

Aliichukua redio yake akaenda kubisha hodi katika viwanda. Jibu alilopewa katika kimojawapo lastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa uchumi. Aliambiwa kwamba kazi anayotaka kuiondoa hufanywa na wasichana, kwamba wasichana ni rahisi kuliko mtambo wake, na tena ni wepesi wa kugeuzwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Naam, ujira wa msichana ulikuwa mdogo kiasi cha kuufanya uvumbuzi usiwe na faida! Tusiwacheke Waingereza. Hapa kwetu, ziko kazi ngapi ambazo hazijapata mashine kwa sababu tu kiuno cha mama na mikono ya binti yake havijawahi kupigiwa hesabu kamili?

Mwaka 1938 Ujerumani iliimeza Austria. Eisler alihangaika kuwatoa jamaa zake, na vita vilipozuka, Uingereza ile iliyompa hifadhi ikamgeukia ikamtia kizuizini, kwa kuwa alitoka katika nchi ya adui. Kwamba alikuwa amemkimbia adui huyohuyo hakukumsaidia. Watu wazima wa Embu na Meru hawahitaji kuelezwa mambo ya kizuizini, wala wale wanaojua kwamba sehemu ya mifereji ya mpunga ya Mwea ilichimbwa na mahabusu wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Eisler aliachiliwa mwaka 1941, akatumikia kwa muda mfupi katika kikosi cha vibarua wa jeshi, kisha akarudi kulitafuta soko la wazo lake.

Safari hii hakwenda kwa watu wa redio. Alikwenda kwa wachapishaji. Kampuni ya Henderson and Spalding, iliyokuwa na kiwanda cha chapa huko Camberwell, kusini mwa London, ilimsikiliza na kukubali kutia fedha kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Technograph. Wachapishaji walielewa mara moja kile ambacho wahandisi hawakukiona, maana kwao kula bamba kwa asidi ilikuwa kazi ya kila siku.

Wakaandikiana mkataba. Eisler akautia saini bila kuusoma.

Ndani ya mkataba huo alikuwa amekubali kwamba haki za kila uvumbuzi atakaoufanya akiwa mwajiriwa zitakuwa za kampuni, kwa malipo ya pauni 1. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha wizi, mjanja amemnyang'anya mnyonge. Mimi sioni hivyo. Masharti ya aina hiyo yalikuwa ya kawaida kwa waajiriwa wa wakati huo, na mkataba uleule ulimpa asilimia 16.5 ya umiliki wa Technograph, kiasi ambacho si haba kwa mkimbizi aliyetoka kizuizini juzi. Tatizo ni kwamba hakujua anatoa nini na anapokea nini. Mtu aliyeweza kuona kasoro ya unywele katika mstari wa shaba hakuona maneno yaliyokuwa mbele ya macho yake kwa lugha aliyoifahamu.

Nalitilia uzito jambo hili kwa sababu linawahusu vijana wetu moja kwa moja. Mwanafunzi akishinda katika maonyesho ya sayansi, hujiwa na watu wenye kadi na ahadi. Pengine ni mfanyabiashara, pengine ni shirika la kufadhili, na karatasi ya kutia saini haikosi. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inaeleza kuwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Yaani kilichompata Eisler chaweza kumpata kijana wa Runyenjes au wa Nkubu leo bila sheria yoyote kuvunjwa. Inafaa kukumbuka pia kwamba kabla ya sheria ya mwaka 1989, Mkenya hakuweza hata kupewa hataza nchini mwake. Ilibidi kwanza aipate Uingereza, ndipo isajiliwe hapa. Siku hizi kuna taasisi ya KIPI jijini Nairobi inayopokea maombi, na hataza hudumu miaka 20. Ni walimu wangapi wa sayansi waliowahi kuwapeleka wanafunzi wao huko, au hata kuwaonyesha fomu? Tunawafundisha kuandika ripoti ya jaribio kwa vichwa vyote vitakiwavyo, lakini kusoma mkataba wa kurasa mbili ni somo lisilo na kipindi.

Eisler aliomba hataza mwaka 1943. Vita ndivyo vilivyoipa kazi hiyo msukumo. Wamarekani walihitaji kifaa kidogo cha redio cha kuwekwa kwenye kichwa cha kombora la mizinga, ambacho kingelilipua kombora hilo likaribiapo ndege ya adui badala ya kungoja ligonge. Kiota cha nyuzi kisingevumilia kishindo cha mzinga. Saketi zilizochapwa zilivumilia, ingawa nyingi kati ya hizo zilichapwa kwa wino wenye madini ya fedha juu ya vigae vidogo, si kwa ngozi ya shaba kama alivyotaka Eisler. Makombora hayo yaliisaidia sana Uingereza kuziangusha ndege zisizo na rubani za Wajerumani mwaka 1944. Vita vilipokwisha, mwaka 1948, Marekani iliagiza vyombo vya redio vya ndege vitumie saketi zilizochapwa, na tangu hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Hataza zake zilitolewa mwaka 1950, ombi moja likiwa limegawanywa mara tatu. Mtu angedhani sasa fedha zitamiminika. Kampuni chache tu ndizo zilizolipia leseni. Nyingine zilitumia njia hiyo bila kulipa, na Technograph ikabaki inahangaika. Mwaka 1957 Eisler alijiuzulu. Technograph iliposhtaki huko Marekani, mahakama iliamua mwaka 1963, katika kesi dhidi ya kampuni ya Bendix, kwamba hataza hizo hazikuwa na nguvu kwa sababu wengine walikuwa wametangulia. Kwa hiyo hata kama angeusoma mkataba wake neno kwa neno, huenda utajiri usingalikuja. Hilo pia ni vyema vijana walijue mapema.

Sasa turudi kwenye lile beseni, maana niliahidi.

Njia inayotumiwa na wanafunzi wetu ni ileile ya Eisler, imepunguzwa tu ikatoshea mezani. Bodi yenye ngozi ya shaba hununuliwa Nairobi, mara nyingi katika maduka ya Luthuli Avenue, ikaletwa kwa matatu. Ngozi hiyo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.035. Husuguliwa kwa steelwool na sabuni mpaka ing'are, kwa sababu alama ya kidole pekee yatosha kuizuia dawa isifanye kazi. Mchoro huwekwa kwa kalamu ya wino usiofutika, au kwa rangi ya kucha, au huchapwa kwa printa ya leza kisha ukahamishwa kwenye shaba kwa pasi ya nguo. Dawa yenyewe ni kloridi ya chuma, ile ya feriki, iliyoyeyushwa majini. Kila atomi ya shaba iliyo wazi hunyang'anywa elektroni mbili na atomi mbili za chuma, ikayeyuka na kuingia katika maji. Chini ya wino hakuna kinachoguswa.

Walio na uzoefu hawatumii beseni bali tangi jembamba la kioo au plastiki lililosimama wima. Bodi huning'inizwa ndani, na pampu ndogo ya hewa, ya aina itumiwayo na wafugaji wa samaki wa mapambo, hupuliza mapovu kutoka chini. Maana ya mapovu ni kuikoroga dawa ili ile iliyochoka mbele ya shaba iondoke na mpya ishike nafasi yake. Dawa ikipashwa joto hadi nyuzi 40 hivi, kazi ambayo ingechukua nusu saa hukamilika kwa dakika chache. Asubuhi ya baridi ya Julai kule Timau wanafunzi wataona tofauti hiyo bila kuhitaji kuambiwa. Hapa pana somo zima la kasi ya mmenyuko wa kemikali, tena lenye matokeo ambayo mwanafunzi ataondoka nayo mfukoni.

Lakini yako mambo ambayo mwalimu hana budi kuyasimamia mwenyewe. Chombo kisiwe cha metali. Dawa hii huishambulia sufuria ya alumini kwa ukali na kuchemka, na vile vile hulila sinki la chuma na mabomba yake. Unga huongezwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya unga, kwa kuwa joto litokalo ni kali na laweza kurusha matone usoni. Miwani na glavu si mapambo. Madirisha yafunguliwe. Nguo ikiingia doa lake la manjano, mama asilaumiwe kwa kutojua kulitoa. Wako wanaotumia asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Moshi wake unachoma mapafu na unatia kutu kila chuma kilichomo chumbani, na kwa maoni yangu mchanganyiko huo haufai kabisa katika shule ya sekondari.

Jambo kubwa zaidi ni maji yaliyobaki. Dawa iliyotumika haijawa maji machafu ya kawaida. Imebeba shaba yote iliyoliwa, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki na kwa vijidudu vya mtoni hata ikiwa kidogo sana. Shule nyingi za kwetu zimejengwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na nyuma ya karibu kila shule kuna kijito. Anayemwaga dawa kwenye mfereji wa shule ya Embu anaipeleka Rupingazi, na Rupingazi huingia Thiba, ambako watu humwagilia mpunga. Anayemwaga Meru anaipeleka Kathita. Mito yote hiyo huishia Tana, wala hakuna kati yake isiyo na ng'ombe anayenyweshwa au mtoto anayeteka maji.

Na dawa yake si ghali. Yamiminie maji hayo magadi, yaliyoyeyushwa kwanza, kidogo kidogo ndani ya ndoo kubwa ya plastiki, maana yatatoa povu jingi. Endelea hadi povu likome. Shaba na chuma vitaganda na kushuka chini kama tope. Likishatulia, tope hilo huchujwa, likachanganywa na saruji na kufinyangwa kuwa tofali, nalo likahifadhiwa mahali pa taka za kemikali mpaka lichukuliwe na wenye leseni ya NEMA. Tena dawa moja hutumika kwa bodi nyingi kabla ya kuchoka, kwa hiyo shule inayoifunika vizuri katika chupa ya plastiki na kuibandika jina haitakuwa na taka nyingi kwa mwaka. Ndiyo maana nasema anayekataza kazi hii amewanyima wanafunzi mengi, na anayeiruhusu bila ndoo ya magadi ameukosea mto. Mwenye kutaka kuifundisha akianzia kwenye ndoo, hatakuwa na shida na lolote lililosalia.

Nina neno moja pia kuhusu mtaala. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unawagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika njia tatu: ya sayansi na uhandisi, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Sina ugomvi na mgawanyo kama mgawanyo. Ila najiuliza kijana mwenye mkono mwepesi wa kuchora, aliyepelekwa njia ya sanaa, atakutana wapi na tangi la dawa. Na yule wa uhandisi atauona wapi mtambo wa chapa. Eisler aliyakuta yote mawili kwa bahati mbaya ya kunyimwa kazi. Walimu wa Fizikia na walimu wa sanaa wanaokunywa chai katika chumba kimoja wangeweza kulipanga hilo kwa makusudi, alasiri moja kwa juma, bila kungoja waraka kutoka wizarani.

Baada ya kuiacha Technograph, Eisler hakustaafu. Alijifanyia kazi mwenyewe kwa miongo mitatu na zaidi. Wazo lake lilikuwa kwamba ngozi nyembamba ya metali iliyokatwa kwa ramani maalumu yaweza kufanya mengi zaidi ya kupitisha umeme wa redio. Ukiipitishia umeme wa kutosha, hupata joto lililoenea sawasawa. Akabuni karatasi za ukutani za kupasha nyumba joto, vifuniko vya kupashia chakula, na mistari ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma cha gari. Dereva anayepanda barabara ya Meru alfajiri, ukungu ukiwa umefunika kila kona, akibonyeza kile kitufe cha kioo cha nyuma, anatumia wazo ambalo Eisler alilishughulikia. Mengi ya mambo hayo hayakumpa mali, maana kuyalinda kwa hataza hakukumwendea vizuri kuliko safari ya kwanza. Baadaye aligeukia vifaa vya tiba, na huko alipata mafanikio zaidi. Mwaka 1989, akiwa na umri uliopita miaka 80, alichapisha kitabu cha maisha yake na saketi iliyochapwa.

Alifariki London tarehe 26 Oktoba 1992, akiwa ana hataza nyingi kwa jina lake. Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Uingereza ilikuwa imemtunukia medali ya fedha ya Nuffield muda mfupi tu kabla ya hapo. Mojawapo ya redio zake, ya mwaka 1942, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London, na mwanafunzi yeyote wa Chuka au Maua aliyewahi kulitazama beseni lake likibadilika rangi angeitambua mara moja mistari ile ya shaba, iliyo minene kidogo kuliko ya kwake.